Mtaa Uliojifunza Kukohoa Kimyakimya

Bwana asifiwe. Kaeni, kaeni. Mama mwenye mtoto pale nyuma, usitoke nje. Akilia nitapaza sauti, tutaelewana tu.

Leo nawapa mfano. Nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo msianze kutazamana na kunong'onezana, "Huyo si ni fulani wa mtaa ule?" Siye. Lakini ukisikia habari inayokuwasha, usimtafute jirani. Jikune.

Mnaukumbuka ule mwaka wa korona? Mnakumbuka tulivyosalimiana kwa viwiko, na ndoo ya maji na sabuni mbele ya kila mlango? Basi mwaka ule, katika mtaa mmoja wenye ukuta kuuzunguka na geti moja la kuingilia, kulikuwa na mzee aitwaye Musembi. Alikuwa amestaafu. Ujana wake wote alisimamia maghala ya nafaka, na msimamizi wa ghala anajua jambo moja kuliko sisi: gunia moja lenye wadudu likipita mlangoni, umepoteza ghala zima.

Wenye nyumba wa mtaa ule walikuwa wamemchagua kuwa mwenyekiti wa chama chao. Kabla ya ugonjwa, kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Taka zimechukuliwa? Taa za njiani zinawaka? Nani ameegesha gari mbele ya geti la mwenzake? Watu walimwita Baba Mumo, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na walipomwita Mwenyekiti ilikuwa ni utani.

Kisha korona ikaja, na mtu wa kwanza wa kwao kuchukuliwa alikuwa mdogo wake. Mnajua tulivyozika siku zile. Alfajiri, watu wachache, wanaume waliovaa mavazi meupe kichwa hadi miguu, jeneza linashushwa upesi kama mzigo unaoogopwa. Musembi alisimamishwa mbali. Hakutupa hata konzi ya udongo. Akarudi mtaani akiwa mtu mwingine, na utani wa Mwenyekiti ukaisha. Sasa alikuwa Mwenyekiti kwelikweli.

Akaitisha mkutano, wakapitisha sheria. Barakoa kwa kila atokaye nje. Maji na sabuni getini. Wageni waishie getini, na mizigo ya sokoni iachwe juani kabla ya kuingizwa ndani. Niulizeni, je, alikosea? Hakukosea! Mimi ningenyoosha mikono miwili. Mtu anayelinda uhai wa watu tumshukuru.

Lakini sheria ya mwisho ndiyo niliyokuja kuwaambia. Ilisema hivi: nyumba yoyote itakayosikika kikohozi, geti lake lifungwe kitambaa chekundu kwa wiki mbili. Wa ndani wasitoke, wa nje wasikaribie. Wakapiga kura kwa mikono, na mikono ikajaa.

Waliofungiwa kwanza walikuwa wanandoa vijana. Yule mke alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikuwa sebuleni. Kitambaa kikafungwa. Muuza maziwa akapita moja kwa moja. Watoto wa majirani wakawa wakifika pale wanaziba pua na kukimbia, na wazazi wao hawakuwakemea. Ilikuja kujulikana kwamba ni mafua tu, kitambaa kikafunguliwa, lakini je, wateja walirudi? Mtu alikuwa akipita pale na nguo yake ya kushonwa mkononi, anaangalia upande mwingine kama asiyejua kuna fundi.

Basi mtaa mzima ukajifunza. Mnadhani ulijifunza kujikinga? Ulijifunza kukohoa kimyakimya. Wanaume waliingia garini, wakapandisha vioo, wakafungulia redio kwa sauti, wakakoholea humo. Wanawake walikohoa ndani ya mto. Tangawizi na ndimu zikaadimika dukani, lakini ukimuuliza mtu habari ya nyumbani, "Sisi wazima kabisa! Tunamshukuru Mungu!" Kwenye mkutano uliofuata Mwenyekiti akasema kwa furaha, "Mnaona? Tangu tuanze vitambaa, ugonjwa umepungua."

Ndugu zangu, ugonjwa haukupungua. Kilichopungua ni sauti.

Sasa, nyumba za mtaa ule zilijengwa mbili mbili, zikitumia ukuta mmoja. Upande wa pili wa ukuta wa Musembi aliishi mjane aitwaye Nekesa, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kila mtu alimwita Mama Naliaka. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, ile sauti ya kunyamazisha darasa. Binti yake Naliaka alikuwa amerudi nyumbani baada ya vyuo kufungwa, naye alikuwa na pumu. Hivyo alikohoa, na hakukohoa ndani ya mto, kwa sababu mwenye pumu ukimfunika uso utamuua.

Asubuhi moja Mama Naliaka anafungua mlango, anakuta kitambaa chekundu getini kwake. Akakifungua kile kitambaa, akavaa barakoa yake vizuri, akaenda kugonga geti la jirani. Musembi akatoka, akasimama mbali.

"Mwenyekiti, binti yangu ana pumu. Umemsikia akikohoa kupitia ukuta huu tangu akiwa mtoto mchanga."

"Sheria haisemi kikohozi cha nini, Mama Naliaka. Inasema kikohozi."

"Basi sheria yako ina masikio na haina macho."

"Mdogo wangu naye alisema ni mafua tu."

Mama Naliaka akashusha mkono wenye kitambaa. Alimjua yule mdogo mtu. Alikuwa akija pale Krismasi na mbuzi na kelele nyingi. "Pole, Baba Mumo," akasema polepole. "Pole kweli. Lakini hiki kitambaa sikifungi." Akakikunja, akakiweka juu ya nguzo ya geti lake Musembi, akarudi kwake.

Dirishani, nyuma ya pazia, mke wa Musembi alikuwa akisikiliza.

Huyu Mama Mumo alikuwa mpole, mtu wa maneno machache. Miaka mingi yeye na Mama Naliaka walikuwa wakipitishiana sukuma wiki na bakuli za githeri juu ya ua wa nyuma. Tangu ugomvi ule, mambo ya bakuli yakaisha. Tena Mama Mumo akawa anavaa barakoa hata ndani ya nyumba, jikoni, sebuleni, kila mahali. Akahamia chumba cha Mumo, ambaye alikuwa akifanya kazi mji mwingine. Alisema mgongo unamsumbua, kile kitanda ni kigumu kidogo, kinamfaa. Mumewe akafurahi sana na ile barakoa. Akawaambia wanakamati, "Igeni kwa mke wangu. Mwanamke yule hata akipika anajikinga!"

Jumapili moja alasiri, wenye nyumba wakaitwa kwenye uwanja mdogo karibu na geti kubwa, kila mtu na kiti chake, viti vimeachana. Shauri lilikuwa moja tu: Mama Naliaka aliyekataa kitambaa. Wengine walisema apewe onyo. Wengine, na hao walikuwa wengi, walisema yeye na binti yake wahame kwa muda, wakae kwa ndugu zao mpaka ugonjwa uishe. Fikiria! Nyumba yake mwenyewe. Mama Naliaka alikuwepo, amekaa kwenye kigoda chake pembeni, mikono imekunjwa.

"Una la kusema?" Musembi akamwuliza.

"Ninalo. Nikihama, mtaa huu utapona?"

Mara wakasikia miguu inakimbia. Wakageuka, na ni nani huyo anakuja? Ni Naliaka mwenyewe, yule wa kikohozi, anakimbia katikati ya barabara huku ameshika kifua. Watu wakaruka kutoka vitini. Kiti kimoja kikaanguka. "Rudi ndani!" "Msichana, rudi!" "Mama yake, mzuie!"

Naliaka akasimama. Alitaka kusema, pumzi haikumruhusu. Akafungua mdomo, ikatoka sauti ya filimbi tu, ile ya pumu. Watu wakazidi kurudi nyuma. Akainua mkono, akanyoosha kidole. Wakadhani anaonyesha kwao. Hapana. Alionyesha nyumba ya Mwenyekiti.

Mama yake akamfikia, akampa kile kidude cha kuvuta dawa kutoka mfuko wa sweta. Akavuta, akavuta tena. Ndipo akasema, "Mama Mumo ameanguka. Nimesikia kupitia ukuta. Amekohoa sana, sana, halafu kishindo. Nimeita, haitikii."

"Mke wangu hakohoi," akasema Musembi.

"Baba Mumo, anakohoa kila siku ukitoka."

Mnamwona yule mzee? Alisimama akiwatazama watu kama anayesubiri mmoja wao akanushe. Kisha akakimbia. Mtu wa umri ule, amesahau kofia, amesahau mkutano, barakoa imening'inia sikio moja. Alipofika mlangoni kwake akiwa na ufunguo mkononi, akahisi mtu amemkamata ukosi wa shati kwa nyuma.

"Vaa barakoa!" Ilikuwa ile sauti ya darasani. "Tunaingia, Baba Mumo. Lakini tunaingia kwa akili."

Akavaa. Wakaingia.

Mama Mumo alikuwa sakafuni jikoni, midomo imebadilika rangi. Mama Naliaka hakuwa muuguzi. Alikuwa mama aliyelea mtoto wa pumu, basi. Akafungua madirisha yote, akamketisha, akamwegemeza mbele, akamfungua nguo shingoni, akamwambia, "Pumua na mimi, dada. Taratibu. Na mimi." Nje, watu walikuwa wamefika getini, wamesimama. Kitambaa chekundu kilikuwa palepale juu ya nguzo, na miguu ikawa mizito. Ndipo yule mume wa mshonaji, yule kijana waliyemfungia geti, akasema, "Mimi nina pikapu." Akaenda kuileta. Wakatandika godoro nyuma, wakampandisha mgonjwa akiwa ameketi, mumewe upande huu, Mama Naliaka upande ule, upepo unawapiga usoni. Wakafika hospitali.

Sasa acha niwape pumzi, maana naona wengine mmeizuia. Alipona! Mama Mumo alipona. Ilikuwa ni korona kweli, na nimonia juu yake. Walimweka kwenye oksijeni, na kwa siku kadhaa hali ilipanda na kushuka, lakini alipona. Daktari alisema wangengoja kidogo tu, asingepona. Na Mama Naliaka? Hakuambukizwa. Na Musembi? Hakuambukizwa. Ile barakoa ya jikoni na chumba cha Mumo vilimkinga mzee yule bila yeye kujua kwamba anakingwa.

Hata hivyo walijitenga, kama ilivyotakiwa. Siku ya kwanza Musembi alitoka akachukua kile kitambaa, akaanza kukifunga getini kwake mwenyewe. Mama Naliaka akamwona kutoka kwake.

"Weka hicho chini," akamwambia. "Umekula?"

Hakuwa amekula. Hata chai hakujua majani yanawekwa wapi. Ikaja bakuli juu ya ua wa nyuma, ikaja nyingine getini kutoka kwa mshonaji, na wengine wakaleta, wakiweka chini na kurudi nyuma hatua chache kabla ya kuita, "Baba Mumo! Chakula!"

Wageni hawakuruhusiwa hospitali. Mkewe alipopata nguvu ya kushika simu, wakazungumza. Musembi alikuwa amepanga maneno mengi. Likatoka moja.

"Mbona hukuniambia?"

Kwanza alisikia tu pumzi yake. Kisha akasikia, "Nilitaka kumwambia mume wangu. Kila nikifungua mdomo, namwona Mwenyekiti."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe ulikuwa umekwenda wapi, Baba Mumo?"

Yule mzee akakaa kwenye ngazi za nyumba yake, akalia. Akamlilia mkewe, na nadhani ndipo alipomlilia na mdogo wake, ambaye hakuwa amepata kumlilia.

Siku aliyomaliza kujitenga, akaitisha mkutano palepale karibu na geti, viti vimeachana, barakoa usoni. Akasema, "Ndoo zitabaki. Barakoa zitabaki. Wageni bado wataishia getini. Vitambaa nimevitia moto. Sasa nauliza, na sitamwandama mtu: nani anaumwa?"

Kuku anasikika mtaa wa pili.

Kisha mzee mmoja mnene, mweka hazina wa chama, mmoja wa waliotaka Mama Naliaka ahame, akakohoa. Akakohoa wazi, kwa sauti, kikohozi cha mtu aliyekizuia mwezi mzima. Akafuta macho, akasema, "Mimi. Tena sinusi harufu yoyote. Juzi nimekunywa maziwa yaliyochacha, nikasema ni mtindi mzuri."

Watu wakacheka! Wakacheka hadi wakashika mbavu, nyuma ya zile barakoa. Mwanamke mmoja akainua mkono, akasema mama mkwe wake yuko ndani na homa. Mwingine akasema, "Na mimi, ila nadhani ni mafua." Wakawatenga waliopaswa kutengwa, wakawapeleka kupimwa waliopaswa kupimwa. Wakagawana kazi: huyu atampelekea yule uji, yule atamnunulia huyu dawa. Na mtaa ule, uliokuwa na wagonjwa wengi kuliko mtu yeyote alivyodhani, haukuzika mtu hata mmoja. Mama Mumo alipoletwa nyumbani, amekonda, anatembea polepole, walimpokea wakiwa wamesimama mbele ya mageti yao pande zote mbili za barabara, wanapiga makofi na vigelegele, kila mtu mahali pake. Mama Naliaka alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi hospitali.

Mfano umeishia hapo.

Sasa naona mmetabasamu, na mioyo imetulia, na wengine mnamsikitikia Musembi na wengine mnamcheka. Nilitaka mtabasamu kwanza. Maana nina swali.

Ni nani katika nyumba yako anayekuficha ugonjwa wake?

Nyamazeni kidogo tulifikirie. Sisi ni watu wa sheria nzuri. Kanisani humu tunapinga ulevi, na tunafanya vyema. Tunapinga uzinzi, tunapinga deni la kamari, tunapinga watoto kuacha shule. Nani atasema tumekosea? Lakini yule binti wa kwaya aliyepata mimba mwaka jana, mara ya mwisho alikaa benchi gani? Nani anajua anaishi wapi sasa? Yule baba anayekunywa, kwa nini anakaa karibu na mlango na kuondoka kabla ya baraka? Tulisema, "Tangu tuwe wakali, dhambi imepungua kanisani." Ndugu zangu, imepungua? Au imepungua sauti?

Baba, mwanao akipata alama mbaya, wewe ni mtu wa kwanza kuambiwa au wa mwisho? Mama, binti yako akiona damu, akiona uvimbe, akiona jambo linalomtisha, anakuja kwako, au anakwenda kwa rafiki ambaye hajui lolote kama yeye? Sisi wazee wa kanisa, tunapoingia kwenye nyumba ya mtu, anaingia nani? Ndugu au kamati?

Sisemi tuache sheria. Nimewaambia, hata yule mwanamke aliyeikataa ile amri ndiye aliyemshika mzee ukosi, akamwambia avae barakoa. Upendo usio na akili huua, na mwenye kupenda hunawa mikono. Lakini sheria inayowafanya watu wafiche ugonjwa haiwalindi. Inawazika polepole. Tusipokuwa watu wa kuambiwa, tutabaki kuwa watu wa kuitwa matangani.

Mungu wetu alipowauliza watu wanaougua, "Mnataka niwafanyie nini?", hakuwauliza ili awakimbie.

Basi leo mchana, ukifika nyumbani, kabla ya kuuliza nani hakuosha vyombo na nani amechelewa, mtazame mmoja wao usoni umwulize, "Unaendeleaje?" Akisema, "Salama," usisimame. Kaa. Ukikaa, utasikia salama hiyo ikibadilika.

Na mimi leo sitakimbilia mkutano wa kamati. Nimeuahirisha. Baada ya wimbo wa mwisho nitakuwa nyuma ya kanisa, kwenye lile benchi la mbao, joho nimelivua, simu nimeizima. Mwenye jambo aje. Nina mchana mzima.